Amana Iandikwe: Kompyuta Kuukuu Inavyopanga Kazi za Nyumba na Duka Eastleigh



Wasomaji wetu watukufu, katika vikao vya mirathi tunavyoitwa kuhudhuria, jambo linalowaliza wajane mara ya pili si uchache wa mali. Ni kutojulikana kwa mali yenyewe. Anakuja mtu na kusema alikuwa akimdai marehemu laki mbili. Anakuja mwengine na kusema marehemu alikuwa amemwekea amana yake. Wa tatu ananyamaza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akidaiwa. Karatasi hakuna, na simu imefungwa kwa namba ya siri asiyoijua mtu. Marehemu alikuwa mwaminifu, lakini hesabu zake zote zilikuwa kichwani, na kichwa kimeshazikwa.

Si ajabu basi kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni ile inayohusu kuandika deni. Makala haya hayakusudii kuifasiri. Yanakusudia kueleza njia moja ya kuandika tuliyoiona ikitumika Nairobi, katika mtaa wa Eastleigh, ambayo tunaamini inawafaa mama zetu na dada zetu wanaobeba nyumba, duka na wazazi kwa wakati mmoja.

Mtaa wa hesabu nyingi

Eastleigh, au Islii kama wenyeji wanavyoutamka, ulianzishwa mwaka 1921 upande wa mashariki wa Nairobi. Biashara yake ya leo ilikua zaidi baada ya mwaka 1991, dola ya Somalia ilipovunjika na watu wengi wakakimbilia Kenya. Katika nyumba moja ya wageni iliyojulikana kwa jina la Garissa Lodge, wapangaji walianza kuuza bidhaa vyumbani mwao. Kitanda cha usiku kilikuwa meza ya duka mchana. Nyumba ile ikageuka soko, na masoko mengine ya ghorofa yakajengwa kwa mfano wake. Leo wafanyabiashara wetu wa Mombasa hupanda basi la usiku kwenda kununua huko nguo kwa jumla.

Wanawake wana sehemu kubwa katika biashara hiyo. Wanauza madira, baati, shungi, mapazia na manukato, na wengi wao wameungana katika mchezo wa fedha ambao Wasomali huuita ayuuto, kila mmoja akitoa fungu lake na kungoja zamu yake. Mchezo huo hauna benki wala wakili. Nguzo yake ni kuaminiana, na kuaminiana hakudumu pasipo kumbukumbu.

Tulimkuta huko mama mmoja muuza madira na shungi, ambaye jina lake tunalihifadhi. Juu ya meza yake, kando ya kikokotoo na birika la chai, palikuwa na kompyuta ndogo ya mtumba iliyobabuka pembe. Aliifungulia ikatoa kioo kitupu chenye maandishi matupu: hakuna picha, hakuna rangi za kupendeza, hakuna tangazo. Vidole vyake vilicheza juu ya kibodi bila kugusa kipanya hata mara moja.

“Sheikh, hapa ndipo ilipo akili yangu,” alituambia. “Kichwani nimeacha kuiweka.”

Faili moja, mistari mifupi

Programu anayoitumia inaitwa Emacs. Ni programu ya kuhariri maandishi, na ndani yake mna chombo cha kupangia kazi kiitwacho Org. Aliwekewa na binti yake anayesoma mambo ya kompyuta chuoni. Kila jambo ni mstari unaoanza na alama ya nyota, kisha neno linaloeleza hali yake. Kwa ruhusa yake tunanukuu mistari minne:

* FANYA Kumlipa jirani wa ghorofa ya pili shilingi 18,000
* SUBIRI Mzigo wa shungi kutoka Dubai
* FANYA Fungu la ayuuto
* TAYARI Dawa ya presha ya bibi

Maneno hayo matatu aliyachagua mwenyewe kwa lugha anayoielewa, kwani programu humruhusu mtu kuandika juu ya faili maneno ya hali anazozitaka. Akibonyeza Ctrl na herufi c, kisha Ctrl na t, neno FANYA hubadilika kuwa SUBIRI, na akirudia huwa TAYARI. Kitufe cha Tab hukunja habari zote zilizo chini ya kichwa kimoja, zikabaki vichwa tu, kama mtu anayefunga kabati ili aone mlango badala ya vyombo. Akibonyeza tena, kabati hufunguka.

Fungu la ayuuto amelitilia tarehe yenye alama ya kujirudia kila mwezi. Siku anapolitia alama kwamba limekwisha, tarehe husogea yenyewe hadi mwezi ujao na neno hurudi FANYA. Na kila asubuhi, kabla ya kupandisha shata la duka, huita ajenda, ambayo hukusanya kutoka katika faili zake kila lenye tarehe ya juma lile: karo, kodi ya duka, kliniki ya mama yake, harusi ya mpwa. Analiona juma zima kabla halijamfika.

Tulimuuliza kwa nini hakutumia programu za simu zilizojaa sokoni. Akatujibu kwamba simu yake iliwahi kuibiwa, na kumbukumbu za miaka miwili zikaenda nayo. Faili hili ni maandishi matupu. Halihitaji intaneti, halidai malipo ya mwezi, na kampuni yoyote ikifungwa kesho halidhuriki, kwa maana programu yoyote ya kuhariri maandishi duniani inaweza kulifungua. Tena ni jepesi: ukurasa mzima wa maandishi ni sehemu ndogo sana ya uzito wa picha moja ya simu, hata kazi za miaka mingi zaenea katika flashi ndogo kuliko kidole.

Asili ya vitufe

Msomaji atauliza: kwa nini kubonyeza herufi badala ya kutumia kipanya kama watu wengine? Jawabu limo katika historia. Mwaka 1976, huko California, kijana aitwaye Bill Joy aliandika programu iliyoitwa vi. Njia ya simu iliyounganisha mtambo wake na kompyuta kuu ilikuwa ya polepole mno, hivyo ilibidi kila herufi ifanye kazi kubwa. Mwaka huohuo Emacs nayo ilizaliwa katika chuo cha MIT, na mwaka 1985 Richard Stallman akaitoa GNU Emacs iwe huria, kila mtu aitumie, aichunguze na kumgawia mwenzake. Org iliongezwa baadaye: mwaka 2003 mwanafalaki wa Uholanzi, Carsten Dominik, aliianza ili kupanga maandishi na kazi zake mwenyewe. Kilichotengenezwa kwa mitambo dhaifu ya zama zile ndicho kinachofaa kompyuta zetu kuukuu za leo.

Binti wa mama yule hatumii Emacs. Yeye anatumia Vim, iliyotokana na ile vi, na faili la mama yake hulifungua humo bila taabu. Ndani ya Vim, kubonyeza d mara mbili huuondoa mstari, na p huubandika pengine, kwa hiyo kazi ya leo iliyoshindikana huhamishiwa kesho kwa vitufe vichache. Herufi u hurudisha kilichofutwa kwa bahati mbaya.

Vim ina habari inayotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Aliyeitunga ni Mholanzi, Bram Moolenaar, na toleo la kwanza alilitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akafanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto. Eneo hilo la Rakai lilikuwa limepigwa vikali na ukimwi, na mayatima walikuwa wengi. Aliporudi kwao alianzisha jumuiya ya kuwachangia, na programu yake akaitoa bure kwa kila mtu, akiwaomba wanaoitumia wawakumbuke watoto wale. Mpaka leo, Vim ikifunguliwa pasipo faili lolote, ukurasa wa kwanza unaweza kumwomba mtu awasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Programu yake ingali inatumika duniani kote, na ombi lake lingali linasomwa na watu ambao hawakupata kuikanyaga Uganda.

Kwa anayetaka kuanza

Hatusemi kwamba ni rahisi siku ya kwanza. Wako mafundi wa kompyuta walioingia ndani ya Vim wakashindwa kutoka! Atakayenaswa abonyeze Esc, kisha nukta mbili, herufi q na alama ya mshangao, halafu Enter. Atatoka, lakini aliyoandika bila kuhifadhi yatapotea. Programu zote mbili zina mafunzo ndani yake. Ya Vim humaliza takriban nusu saa, na ya Emacs huitwa kwa Ctrl na h, kisha t. Mafunzo hayo yakikuelemea, mkalishe kijana wako pembeni. Huenda ukawa wakati wa kwanza baada ya siku nyingi wa mama na mwana kukaa mbele ya kioo kimoja.

Aanzaye asijaze mambo mia. Aandike madeni anayodaiwa, madeni anayodai, amana za watu alizozishika, na kazi za juma hili. Vichwa hivyo vinne vinatosha kwa mwezi wa kwanza.

Kisha azingatie mambo matatu. La kwanza, afanye nakala katika flashi mara moja kwa juma na kuiweka mbali na kompyuta, kwa sababu moto na mwizi havichagui. La pili, aiwekee kompyuta neno la siri, maana madeni ya watu ni siri zao, na kuyaacha wazi mbele ya wateja ni kuwavunjia sitara. La tatu ndilo kubwa: amweleze mtu mmoja anayemwamini, mume, dada au mtoto aliyepevuka, faili liko wapi na linafunguliwaje. Aliyeandika vizuri kisha akaficha ufunguo hana tofauti na asiyeandika, na vilio vya mirathi vitabaki vilevile.

Asiye na kompyuta asihuzunike. Daftari la shilingi hamsini lenye vichwa hivyohivyo vinne linatosha, na wino nao ni maandishi. Wala faili, hata likipangwa vipi, halilipi deni. Lamkumbusha mwenyewe tu.

Mama yule wa Eastleigh amekwisha kumweleza binti yake faili liko wapi. Wewe uliyesoma hadi hapa, jiulize usiku wa leo: ukiitwa na Mola wako kesho, nani nyumbani kwako anajua unadaiwa na nani?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzifikisha amana kwa wenyewe. Wabillahi tawfiq.