Mpangaji wa Ardhi ya Oregon Yuko Salem

Wengi wetu tuliofika Portland kutoka Kongo, Burundi au Kenya tunadhani jambo zito kama ardhi huamuliwa na serikali kuu. Marekani si hivyo. Katiba haikuipa serikali ya shirikisho kazi ya kupanga miji. Mamlaka hayo yamebaki kwa majimbo, na mengi yao yakayaachia miji na kaunti, kila moja ijipangie itakavyo.

Oregon ilikataa mtindo huo. Mashamba ya bonde la Willamette yalikuwa yakimezwa na nyumba, na mwaka 1973 Gavana Tom McCall akatia saini sheria iliyotokana na Mswada wa Seneti namba 100. Miji na kaunti bado huandaa mipango yao, ila kila mpango sharti ulingane na malengo ya jimbo, ambayo leo ni 19. Msimamizi, aliye Salem, makao makuu ya jimbo, ni tume ya wajumbe saba wanaoteuliwa na gavana.

Lengo linalotugusa zaidi ni la 14: kila mji uwe na mpaka wa ukuaji. Ndani hujengwa, nje hubaki mashamba na misitu. Ndiyo maana pembezoni mwa mji wa Hillsboro nyumba hukatika ghafla, shamba likaanza. Hiyo ni kazi njema. Lakini ardhi ikibanwa, na huku kanuni za mji zikiruhusu nyumba ya familia moja tu kwa kila kiwanja, kodi za nyumba hupanda, na wanaoumia mapema ni wenye watoto wengi na kipato kidogo. Wanaoulaumu mpaka peke yake wanakosea. Kilichokosekana ni ruhusa ya kujenga zaidi ndani yake, na ilichelewa mno. Mwaka 2019 ndipo jimbo lilipoiagiza miji yenye watu zaidi ya 10,000 iruhusu nyumba za familia mbili kwenye viwanja hivyo; mikubwa zaidi, pamoja na ile ya eneo la Portland, iruhusu hata za familia nne.

Na lengo la kwanza kabisa katika orodha ni ushiriki wa wananchi. Kutoa maoni kwenye kikao cha hadhara hakuhitaji pasipoti ya Marekani. Barua ya mji kuhusu mabadiliko ya matumizi ya ardhi mtaani kwako ikifika, usiitupe. Ulizia mkalimani mapema, nenda na majirani, mseme.