Mfereji wa Mgongo Ukiwa Mwembamba

Simama asubuhi kando ya barabara pale Murangi, uwatazame wazee wanaopita. Pengine utamwona mmoja anatembea hatua chache, anasimama, anainama na kushika magoti. Akipumzika kidogo maumivu ya miguu yanapungua, naye anaendelea. Mzee huyo huyo akipata baiskeli, huikokota akiwa ameiinamia, na hafiki amechoka sana. Watu husema ni mvivu, au amerogwa miguu. Miguu yake haina kosa. Ugonjwa uko mgongoni.

Papasa mgongo wako katikati. Vinundu unavyogusa ni ncha za pingili. Pingili zimepangana kama vipande vya muwa, na kila moja ina tundu. Matundu hayo kwa pamoja hufanya mfereji mrefu, kutoka shingoni hadi chini ya kiuno. Ndani yake hupita mishipa ya fahamu iendayo mikononi, miguuni na kwenye kibofu. Mfereji ukiwa mwembamba, mishipa hubanwa. Mtu akisimama wima hubanwa zaidi. Akiinama, mfereji hupanuka kidogo. Hiyo ndiyo siri ya baiskeli.

Je, mfereji husongwa na nini? Sababu kubwa ni umri. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kama mpira. Kisahani cha kijana kina maji mengi. Miaka ikipita hukauka, hubonyea, na hutokeza nyuma kwenye mfereji. Pingili husogeleana na viungo vyake husuguana. Mwili nao, kwa kujaribu kuvitengeneza, huota mfupa pembeni. Kano zinazoshika pingili hunenepa. Kila kitu huongezeka kidogo tu, lakini mfereji hauna nafasi ya ziada. Ndiyo maana ugonjwa huu huonekana zaidi kwa watu waliopita miaka 50. Kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi huweza kuongeza uchakavu huo.

Wengine huzaliwa na mfereji mwembamba. Wengine pingili imeteleza, imeota uvimbe, au imevunjika kwa kuanguka mtini au kwenye pikipiki.

Iko sababu nyingine ambayo haingoji uzee, nayo ni kifua kikuu. Jina lake linadanganya, maana hakikai kifuani tu. Vijidudu husafiri ndani ya damu hadi kwenye pingili na kula mfupa. Pingili hubomoka, kibiongo hutokea, na usaha hubana mishipa. Hata mtoto huweza kupata. Mgonjwa huyu mara nyingi hakohoi, kwa hiyo nyumbani hawashuku. Huchanjwa chale za mgongo mwezi baada ya mwezi, na mfupa unazidi kuliwa. Ukiona maumivu ya mgongo yasiyopoa hata usiku, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda zahanati ueleze yote. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Kwa ugonjwa wa mgongo humezwa miezi mingi, bila kukatiza hata maumivu yakiisha.

Katika Mkoa wa Arusha, hasa Arumeru, maji ya baadhi ya chemchemi na visima yana madini mengi ya floridi. Wengi huko wana meno ya kahawia. Anayekunywa maji hayo miaka mingi huweza kunenepa mifupa, kano zikawa ngumu kama mfupa, na mfereji ukabanwa. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kuchemsha maji hakuiondoi.

Wazee wengi husaidiwa na dawa za maumivu na mazoezi. Wachache huhitaji kupasuliwa ili mfereji upanuliwe. Kazi hiyo hufanywa katika hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996.

Lakini miguu ikianza kulegea, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, au sehemu za siri na makalio vikafa ganzi, usingoje kesho. Tafuta usafiri siku hiyo hiyo uende hospitali. Mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usipone tena.