Unatoa gurudumu la pikipiki nyumbani? Chunga vidole vyako!



Kazini kila mmoja wetu anajua sheria: kofia ngumu kichwani, viatu vya kazi miguuni, na hapana kugusa mashini inayozunguka. Lakini siku ya mapumziko, nyuma ya nyumba, wengi wanavua viatu na sheria pamoja. Mpira wa nyuma wa pikipiki umekwisha, mpya umenunuliwa Likasi, na kazi inaanza kwa kandambili. Lakini vidole ni vile vile. Nyumbani hakuna mkubwa wa usalama anayepita kuangalia. Mkubwa wa usalama ni wewe mwenyewe.

Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mzigo na kusukumwa na mashini, kwa hiyo mpira wake unakwisha upesi. Tena kulitoa ni kazi kuliko la mbele, kwa sababu limeshikwa na mnyororo na freni. Hapo ndipo vidole vinapoumia.

Mbele ya kuanza

Simamisha pikipiki juu ya udongo mgumu ulio sawa, kwa mguu wake wa katikati. Mguu wa pembeni peke yake hautoshi. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la mbele. Ngoja bomba la moshi lipoe kabisa. Zima mashini na utie ufunguo wa kuwashia mfukoni, mtoto asije akacheza nao. Vua pete na saa, vaa viatu vilivyofungwa. Tandika kitambaa cha kuwekea vyuma vidogo kwa mpango vilivyotoka.

Kutoa gurudumu

1. Fungua ekru ya fimbo ya freni, kisha kile chuma kinachoshika sahani ya freni isizunguke.
2. Angalia alama za kukaza mnyororo, kushoto na kuume, uzikumbuke.
3. Legeza ekru kubwa ya ekseli. Vuta ufunguo kuelekea kwako ukiwa umesimama vizuri. Hapana kuusukuma kwa nguvu, maana ukiteleza mkono unapiga chuma.
4. Sukuma gurudumu mbele, toa mnyororo juu ya meno, kisha vuta ekseli. Kwa pikipiki zingine meno yanabaki pahali pake na gurudumu linatoka peke yake.

Mnyororo ushike kwa pembeni. Hapana kutia kidole kati yake na meno, hata kama gurudumu linazungushwa na mkono tu. Na hapana kabisa kupangusa au kupaka mafuta mnyororo huku mashini inanguruma. Kitambaa kinakamatwa, kitambaa kinavuta mkono, na kidole kinakatika mbele hujapiga kelele.

Vumbi la ndani ya freni usilipulize kwa kinywa wala kwa pompi. Freni zingine, zaidi zile za zamani, zilitengenezwa na asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Kubadilisha mpira

Toa upepo wote kwanza. Paka maji ya sabuni ukingoni mwa mpira, tumia vyuma viwili vya kufungulia. Uso usiwe juu yake: chuma kikiponyoka kinaruka. Ukitafuta msumari ndani ya mpira, tumia kitambaa. Usipitishe vidole vitupu. Ukitia mpira mpya, malizia upande wa valvu. Kisha tia upepo kidogo kidogo, uangalie mpira unakaa sawa pande zote. Hapana kupita kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Kurudisha

Hapa ndipo ajali ya kesho inapoandaliwa. Kile chuma cha kushika sahani ya freni kikisahauliwa, siku utakapokanyaga freni sahani inazunguka, inavuta fimbo, na gurudumu linaweza kufunga ghafula barabarani. Kirudishe, ukaze ekru yake, utie pini mpya. Linganisha alama za kushoto na kuume. Mnyororo uwe na nafasi ya kucheza, mara nyingi sentimeta 2 mpaka 3 katikati. Kaza ekseli vizuri. Zungusha gurudumu kwa mkono, kanyaga freni, kisha jaribu polepole kiwanjani mbele ya kubeba bibi na watoto.

Ukiumia

Kidonda: osha na maji mengi safi na sabuni, kisha bana kwa kitambaa safi mpaka damu isimame. Hapana kutia mafuta ya mashini, majivu wala udongo. Tetanosi haitoki katika kutu. Inatoka katika udongo na mavi ya nyama, na vyote vimejaa kwenye mpira. Ugonjwa unaonekana mara nyingi kati ya siku 3 na 21, wakati kidonda kimekwisha kusahauliwa. Kwa hiyo fika dispanseri siku ile ile. Kidonda kikiwa kichafu na sindano yako ya mwisho ya tetanosi imepita miaka 5, utapewa ingine.

Kuungua na bomba: maji safi ya baridi, dakika 20. Hapana dawa ya meno.

Kidole kikikatika: bana kidonda, inua mkono juu. Kile kipande kifunge katika kitambaa safi chenye maji kidogo, ukitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo juu ya barafu. Barafu isiguse nyama. Kimbilia hospitali pamoja nacho. Munganga ndiye atasema kama kinaweza kushonwa.

Petroli: usinawe nayo mikono, wala usiiweke katika chupa ya limonadi. Mtoto akiinywa, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta. Mlete mara moja.

Mpira mpya unauzwa sokoni. Kidole hakiuzwi. Usalama kazini, usalama na nyumbani!