Kivinjari bora kwa kompyuta ya nyumbani ni kile kisichomaliza bando

KOMPYUTA ya nyumbani si pambo tena kwa mfanyabiashara mdogo wa kanda ya kati. Mwenye mashine ya kukamua alizeti pale Kibaigwa anayetaka kusajili jina la biashara yake hutumia mfumo wa mtandaoni wa BRELA, ulioanza mwaka 2018. Anayetafuta leseni ya biashara ya halmashauri huingia katika mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Naye anayetaka kuuza maharage au mafuta ya kula kwa taasisi za serikali hana budi kujisajili katika mfumo wa zabuni wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023.

Kote huko mlango ni mmoja nao ni kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za intaneti. Hata hivyo, wengi hawakichagui. Hutumia kile walichokikuta kwenye kompyuta siku waliyoinunua, sawa na mkulima anayepanda mbegu aliyoikuta ghalani bila kuuliza ni ya msimu gani. Hasara yake huonekana baadaye.

Bure, lakini si bila gharama

Chrome ya Google, Firefox ya Mozilla, Edge ya Microsoft, Opera na Brave zote hupatikana bila kulipia. Kwa hiyo cha kuangalia si bei ya kununulia bali gharama ya kutumia. Gharama hizo ni tatu: bando, muda na hatari ya kuibiwa.

Tuchukue mfano wa mkulima wa zabibu wa Hombolo mwenye kompyuta ya mtumba yenye Windows 7. Ndani yake kuna Internet Explorer, kivinjari kilichokuwa maarufu katika vibanda vya intaneti miaka ya 2000. Microsoft ilikistaafisha rasmi Juni 15, 2022. Mkulima huyo akijaribu kufungua mfumo wa kisasa, ukurasa huja nusu, kitufe cha kutuma hakibonyezeki, au haufunguki kabisa.

Hapo huamua kupanda basi kwenda steshenari mjini. Hulipa nauli, humlipa kijana wa steshenari, hupoteza siku ya shamba, na mara nyingi huacha neno lake la siri kwenye kompyuta ya watu. Anayelijua neno hilo anaweza kuingia katika akaunti ya biashara yake wakati wowote. Gharama yote hiyo imetokana na programu ambayo angeweza kuibadilisha bure.

Anza na umri wa kompyuta

Jambo la kwanza la kuuliza ni iwapo kivinjari bado kinapokea masasisho kwenye kompyuta husika. Masasisho ndiyo huziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia. Kivinjari kisichosasishwa ni kama ghala lenye kufuli iliyooza: mlango unaonekana umefungwa, lakini haujafungwa.

Kwa wenye Windows 7 na 8.1, Chrome iliishia toleo la 109 mapema mwaka 2023. Firefox, kupitia toleo lake la 115 la muda mrefu, iliendelea kuzipa kompyuta hizo viraka vya usalama baada ya Chrome kuacha. Hiyo ni nafuu ya muda tu. Mwenye mashine ya aina hiyo apange ama kuibadilisha, ama kumwomba fundi aiwekee Linux, mfumo usiolipiwa unaoweza kuendesha toleo jipya la Firefox.

Kwa wenye Windows 10, msaada wa kawaida wa Microsoft ulikoma Oktoba 14, 2025, ingawa vivinjari vikubwa viliendelea kusasishwa baada ya tarehe hiyo. Wenye Windows 11 wanaweza kuchagua chochote kati ya vilivyotajwa.

Kumbukumbu na bando

Jambo la pili ni kumbukumbu ya kompyuta, ile inayoitwa RAM. Kompyuta yenye gigabaiti 2 au 4 huelemewa haraka, kwa kuwa kila ukurasa ulioachwa wazi hula sehemu yake. Edge na Chrome zina mpango wa kuzilaza kurasa zisizotumika ili kuokoa kumbukumbu, nao ni vyema kuuwasha. Ikumbukwe kuwa Chrome, Edge, Opera na Brave zimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium. Mfumo unaofunguka vizuri kwenye Chrome kwa kawaida hufunguka pia kwenye Edge iliyokuja na kompyuta, hivyo si lazima kutumia bando kupakua kingine.

Jambo la tatu ni bando lenyewe. Mwenye kuunganisha kompyuta kwa hotspot ya simu hulipia kila megabaiti, yakiwamo matangazo asiyoyahitaji. Brave na Opera zina kizuia matangazo ndani yake, ingawa cha Opera huhitaji kuwashwa. Kwenye Firefox huongezwa kiambatisho cha bure kiitwacho uBlock Origin. Mtumiaji anaweza pia kuingia katika mipangilio ya Windows 10 au 11 na kuieleza kompyuta kwamba mtandao wa simu ni wa kulipia kwa kipimo. Hapo Windows hupunguza masasisho yanayojipakua yenyewe. Dawa hiyo isigeuzwe kuwa kisingizio: masasisho ya kivinjari yapakuliwe kila yanapotoka.

Usalama wa fedha

Hakuna kivinjari kinachomlinda mtu asiyesoma anwani. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Ukurasa unaodai ni wa TRA au BRELA lakini anwani yake inaishia vingine usijazwe neno la siri. Alama ya kufuli pekee haitoshi, kwani hata tapeli anaweza kuipata.

Kompyuta inayotumiwa na familia nzima itengewe wasifu tofauti ndani ya kivinjari: mmoja wa biashara, mwingine wa watoto. Na wanaopata shida na Kiingereza wanaweza kuiweka Chrome kwa Kiswahili katika mipangilio ya lugha.

Pima mwenyewe

Njia ya uhakika ni kupima. Weka vivinjari viwili, fungua kwa kila kimoja kurasa zilezile unazotumia kazini, kimoja baada ya kingine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone kila kimoja kinakula kumbukumbu kiasi gani. Baada ya wiki moja, angalia sehemu ya matumizi ya data katika mipangilio ya Windows 10 au 11 uone kipi kimemaliza bando zaidi. Baki na kile kinachosasishwa, kinachofungua mifumo yako yote na kutumia kidogo.

Mkulima anayekataa lumbesa sokoni anajua thamani ya mizani. Bando nalo ni mali iliyonunuliwa kwa jasho la shamba, na linastahili kupimwa vivyo hivyo.