Risasi isiyo na kishindo: Itamfaa mkulima wa Uluguru?

MKULIMA wa Matombo, Kinole au Mgeta hahitaji kuelezwa maana ya usiku wa mwezi Mei. Mahindi ya masika yamebeba, mihogo imejaza, na mwenye shamba halali nyumbani kwake. Yuko juu ya dungu na blanketi, debe bovu pembeni na fimbo ya kulipigia. Akisinzia nusu saa tu, kundi la nguruwe pori linashuka kutoka msituni, na asubuhi anakuta mabua yamelazwa kana kwamba trekta limepita. Mchana zamu inakuwa ya nyani na tumbili, na hapo ndipo mtoto anapokosa shule ili akawinge.

Mtu wa namna hiyo akisikia kuna risasi mpya ya kuwindia ambayo mlio wake hauvuki bonde, lazima atege sikio. Si yeye peke yake. Mji wa Morogoro ndio makao makuu ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na mambo ya risasi si mageni hapa, kwani Shirika la Mzinga, ambalo ni mali ya jeshi, liko katika mji huu. Hata huko Mgeta kuna kata inayoitwa Bunduki, ingawa wakazi wake wanajulikana zaidi kwa mboga kuliko kwa silaha.

Basi tuipime risasi hiyo kama tunavyopima mbegu mpya au dawa mpya ya wadudu: inafanya nini, inagharimu nini, na nani hasa atafaidika nayo.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Bunduki ikilia, masikio hupokea milio miwili iliyoungana. Mmoja ni wa moshi wa baruti unaotoka kwa nguvu kwenye mdomo wa mtutu. Wa pili ni mpasuko wa kichwa cha risasi chenyewe kinapokwenda kwa kasi kuliko sauti. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, wakati risasi ya kawaida ya raifo huenda mita 700 hadi 900. Kiwambo cha sauti kinachofungwa mdomoni mwa mtutu hupunguza ule mlio wa kwanza tu. Mpasuko wa risasi kikiwambo hakiwezi kuugusa, kwa sababu unatokea njiani, nje ya bunduki.

Dawa yake ni kupunguza mwendo. Ukitengeneza risasi inayokwenda mita 320 kwa sekunde, mpasuko unatoweka na kiwambo kinamaliza kazi iliyobaki. Lakini risasi ya polepole haina nguvu, hivyo watengenezaji hufidia kwa kuongeza uzito. Ndivyo ilivyozaliwa .300 Blackout, iliyoidhinishwa rasmi na chama cha watengenezaji silaha cha Marekani mwaka 2011, na baada yake zikafuata nyingine nene zaidi. Miongoni mwa mpya kabisa ni .338 ARC ya kampuni ya Hornady, iliyoingia sokoni mwaka 2025. Risasi yake ya polepole ina kichwa cha karibu gramu 20 kinachokwenda mita 320 kwa sekunde.

Soko lake lipo. Katika nchi kama Finland, Norway na New Zealand kuwinda kwa kiwambo ni jambo la kawaida, na sababu kubwa inayotajwa ni kulinda masikio. Huko Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2025 iliondoa kodi ya dola 200 iliyokuwa ikitozwa kwa kila kiwambo, kuanzia Januari 2026. Ndiyo maana viwanda vinashindana kutoa risasi za aina hii.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo bidhaa nyingi zenye sifa nzuri huanza kupungua uzito.

Wawindaji wa kitalii wanaokuja nchini kwa ajili ya nyati wanaifahamu sana .375 H&H, risasi ya tangu mwaka 1912. Kichwa chake kina uzito wa gramu 19 na ushei, yaani karibu sawa na hiyo mpya. Lakini .375 huondoka kwa mita 770 kwa sekunde na kubeba nishati ya zaidi ya jouli 5,700. Hiyo ya polepole, kwa uzito uleule, inabeba jouli 1,000 hivi. Ni chini ya moja ya tano. Ile .300 Blackout ya polepole ina jouli 630 tu. Hata ile shotigani ya kawaida aliyo nayo mzee wa kijiji, ikipakiwa risasi moja nzito badala ya marisau, hutoa karibu jouli 3,000 ikiwa karibu.

Nguruwe pori dume aliyekomaa ana kilo 60 hadi 80, wengine huvuka hapo, na ana ngozi ngumu na mafuta mengi. Jouli 1,000 zinaweza kumwua iwapo risasi itagonga mahali panapotakiwa na kichwa chake kikafunguka ndani ya mwili. Hilo la kufunguka ni suala zito. Vichwa vya risasi vya kawaida vimetengenezwa kufunguka kwa mwendo mkubwa. Vikienda polepole vinatoboa tundu dogo na kupita, na mnyama anakimbilia kichakani na jeraha. Kwa hiyo lazima ununue vichwa maalumu, na hivyo ndivyo vyenye bei.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa milimani analielewa upesi, nalo ni kushuka kwa risasi. Bunduki ya aina hii ikirekebishwa ilenge sawasawa kwenye mita 50, ikifika mita 100 risasi itakuwa imeshuka karibu sentimita 20 chini ya ulipolenga. Kwenye mita 150 imeshuka karibu sentimita 70, yaani umelenga bega na risasi imepita chini ya tumbo au imechimba udongo. Tambarare ya Kilosa mtu anaweza kukisia umbali. Lakini ukiwa umesimama kwenye mgongo wa mlima kule Nyandira, shamba liko ng'ambo ya korongo na giza limeingia, nani atakuambia kama ni mita 70 au 120? Raifo ya kawaida ingemsamehe kosa hilo. Hii haisamehi. Kwa kipimo changu ni silaha ya mita 75 kurudi nyuma, na umbali huo shotigani nayo inaanza kusogelea.

Na kimya chenyewe kisitafsiriwe kama kile cha kwenye filamu. Raifo isiyo na kiwambo hufikia desibeli 160 au zaidi, kiwango kinachoweza kuharibu masikio kwa mlio mmoja. Ikiwa na kiwambo na risasi ya polepole hushuka hadi karibu desibeli 120 na kitu. Kwa aliyeishika ni nafuu kubwa sana, lakini katika usiku uliotulia bado jirani atasikia kitu. Tofauti ni kwamba hatajua ni nini wala kimetoka wapi.

Hapa ndipo ninapoona tatizo kwa upande wetu.

Huko ughaibuni anayewinda nguruwe anataka kimya ili kundi lisitawanyike, apate kumwangusha wa pili na wa tatu. Mkulima wetu shida yake ni nyingine. Yeye hataki nyama, anataka nguruwe waondoke shambani na wasirudi usiku ule. Kishindo kinachoshuka bondeni kinafukuza kundi zima hata pale risasi ilipokosa, na kinafukuza pia lile kundi lililoko shamba la tatu kutoka hapo. Hata baruti ya gobore isiyo na risasi ndani yake hufanya kazi hiyo, na debe nalo hufanya nusu yake. Kumpa mlinzi wa shamba bunduki isiyolia ni kumnyang'anya nusu ya silaha yake.

Mlio pia ni taarifa. Watu waliolala kwenye madungu wakisikia bunduki wanainama, wanajua kuna mtu anapiga upande fulani. Njia za Uluguru zina wapitaji kuanzia alfajiri: akina mama wamebeba ndizi na mananasi kuelekea sokoni, wanafunzi, wachuuzi wa mdalasini. Risasi nzito ya polepole ikigonga jiwe inaweza kudunda na kwenda upande usiotarajiwa, na aliyeko njiani hana onyo lolote.

Halafu kuna msitu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na askari wake ni wachache kulinganisha na ukubwa wa milima. Mlio wa bunduki ndio humjulisha askari, na mara nyingi mwanakijiji mwenyewe, kwamba kuna mtu ndani. Katika msitu huo ametajwa kuwamo minde, paa mkubwa mweusi ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Tanzania, katika safu chache za milima, na ambaye yuko hatarini kutoweka. Bunduki isiyosikika ingekuwa zawadi kwa jangili kabla ya kumfikia mkulima. Simlaumu mwenye kiwanda huko Marekani. Yeye hajui minde ni nini.

Je, hakuna anayeweza kufaidika nayo? Yupo. Askari wa wanyamapori anayetumwa kumwondoa nyani mkorofi aliyezoea kuingia majumbani, au mnyama aliyejeruhiwa karibu na makazi, angepiga bila kuzua taharuki na bila kuumiza masikio yake, ambayo ndiyo mtaji wake wa kazi. Hiyo ni silaha ya mtu aliyefunzwa, yenye kumbukumbu ofisini na risasi zinazohesabiwa.

Hata hao nao wasinunue kwa kusoma katalogi. Historia ya Afrika Mashariki ina somo. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ilitoa .458, ikaonekana jibu la bei nafuu kwa bunduki za tembo, na idara za wanyamapori za ukanda huu zikaichukua kwa maaskari wake. Baadaye yakaja malalamiko: baruti iliyoshindiliwa ndani ya ganda ilikuwa ikigandamana, hasa risasi zilizokaa muda mrefu, na nguvu ikapungua kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Mbele ya tembo hiyo si kasoro ndogo. Kampuni ililazimika kurekebisha. Risasi ya polepole ina hatari yake ya joto kwa upande wa pili: baruti ikipata moto mwendo huongezeka, na ikivuka kasi ya sauti ule mpasuko unarudi. Kwa hiyo anayetaka kuijaribu aijaribu kwa jua la Morogoro, si kwa vipimo vya kule kwenye baridi.

Kuhusu gharama, kwenye maduka ya Marekani risasi moja ya namna hii huuzwa dola 2 hivi, na kiwambo kizuri ni mamia ya dola, bunduki yenyewe mbali. Kabla ya usafiri, ushuru na vibali. Mwenye ekari mbili za mahindi achukue magunia aliyopoteza msimu uliopita, ayazidishe kwa bei ya gunia, halafu alinganishe. Sidhani kama atahitaji kikokotoo.

Sheria nayo ina neno. Silaha yoyote na risasi zake ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mlango wake ni polisi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku, ingawa inamruhusu mtu kujitetea na kutetea mali yake. Ukimwua mnyama katika hali hiyo lazima utoe taarifa, na mnyama huyo ni mali ya Serikali. Watu wengi wameingia matatani kwa kudhani nyama ni fidia. Na ile fidia inayoitwa kifuta jasho, chini ya kanuni za mwaka 2011, inahusu wanyama hatari kama tembo na kiboko. Nguruwe pori hamo.

Ndiyo maana fedha, kama ipo, iende kwingine. Nguruwe hapendi kuvuka mahali palipo wazi, hivyo kufyeka ukanda kati ya msitu na shamba kunasaidia. Majirani wakipanda pamoja, kwa wakati mmoja na eneo moja, walinzi wawili wa zamu wanatosha pale palipohitaji kumi. Mihogo mitamu na magimbi visiwe mstari wa kwanza kutoka msituni. Wenye karafuu na mdalasini waiweke huko pembezoni, maana sijasikia bado nguruwe aliyekula magome ya mdalasini. Taa ya jua inayowaka na kuzima nayo inasaidia kwa muda, hadi wanyama waizoee, kwa hiyo ihamishwe kila baada ya siku chache. Na kundi likizidi, Afisa Wanyamapori wa Wilaya yupo kwa kazi hiyo. Kijiji kiandike barua kupitia kwa mtendaji mapema, si siku mahindi yamekwisha.

La mwisho ni kwa wafugaji wa Mgeta, ambako nguruwe wa kufugwa ni biashara kubwa. Nguruwe pori anaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye mwenyewe kuugua, na ugonjwa huo hauna tiba. Akiuawa shambani kwako, kwa risasi yenye mlio au isiyo na mlio, mzoga usiletwe uani. Mabaki yake wasipewe nguruwe wa bandani, na panga na viatu vilivyoshika damu vioshwe kwa dawa kabla hujasogelea banda. Mwite ofisa mifugo wa kata aelekeze namna ya kumzika.