Kitabu kipya mezani: kwa nini wapenzi wa mchezo mmoja waligombana

Mama mmoja wa parokia yetu, ambaye familia yake ilipokelewa Marekani baada ya miaka mingi ya kambi, alitutumia ujumbe wa sauti. Mtoto wake wa miaka 16 hukutana na wenzake kila Jumamosi katika maktaba ya mtaa kucheza Dungeons & Dragons. Mama alikuwa na maswali mawili. La kwanza: "Mchungaji, mchezo wenye jina la joka si wa shetani?" La pili lilitushangaza zaidi: kitabu kipya cha mchezo huo kimetoka, na wale vijana wamegombana juu yake hata wengine hawasalimiani. Mtoto huyo hana marafiki wengine kule.

Tulisoma na kuuliza kabla ya kujibu. Tunawaeleza hapa tuliyoyapata, kwa maana familia nyingi za makanisa yetu zina watoto ng'ambo.

Mchezo wenyewe ni nini?

Ni hadithi inayosimuliwa na watu wengi pamoja. Wanakaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi: anaeleza pango, mto, au kijiji kilichovamiwa. Wengine kila mmoja anashika mtu wake wa hadithi, kama askari, mchawi, mwizi au kuhani, na kusema anachofanya. Ili kujua kama amefaulu, hutupa dadu yenye pande 20. Mtu huyo wa hadithi anaweza kuendelea kwa miaka, akikua nguvu pole pole. Kitabu cha sheria ndicho kinachosema dadu ihesabiwe namna gani na kila mtu anaweza kufanya nini.

Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mara ya kwanza mwaka 1974. Tangu hapo sheria zimeandikwa upya mara kadhaa, na kila toleo jipya limeleta furaha kwa wengine na uchungu kwa wengine.

Mgawanyiko wa mwaka 2008

Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000 pamoja na kibali cha wazi: mtu yeyote aliruhusiwa kuchapisha vitabu vyake akitumia msingi wa sheria zile bila kulipa. Kampuni ndogo nyingi zilipata riziki kwa njia hiyo.

Mwaka 2008 toleo la nne likafika, na mambo mengi yalibadilika kwa mara moja. Askari na mchawi, waliokuwa wakichezwa kwa njia tofauti kabisa, sasa uwezo wao uliandikwa kwa mpango mmoja: mambo ya kufanya wakati wowote, mengine mara moja kwa kila pigano, mengine mara moja kwa siku. Waliolipenda walisema kwamba sasa hakuna mchezaji anayekaa bure wakati mchawi anamaliza kazi yote, na kwamba msimulizi hachoki tena kwa matayarisho. Waliolichukia walisema limefanana na michezo ya kompyuta, na kwamba watu wao wa miaka mingi hawakuweza kuhamia ndani yake bila kuvunjwa. Tena kibali kipya kilikuwa na masharti makali kuliko cha zamani.

Hapo kampuni iitwayo Paizo ilichukua sheria za toleo la tatu, ambazo kibali cha zamani kilizifungua, ikazitengeneza, ikawaomba wachezaji wazijaribu na kutoa maoni. Mwaka 2009 ilitoa mchezo wake, Pathfinder. Waliokataa mapya wakapata nyumba. Jambo la ajabu ni kwamba wale "waasi" ndio walioshika sheria za zamani, na wenye jina la zamani ndio waliokuwa na sheria mpya.

Wenye mchezo walijifunza. Mwaka 2012 walitangaza toleo lingine, na kwa muda wa karibu miaka 2 waliwapa wachezaji sheria za majaribio na kuwauliza wanaonaje. Toleo la tano likatoka mwaka 2014, na sheria za msingi zikatolewa bure. Wengi wakarudi, na wengi wapya wakaja.

Lakini Januari 2023 mpango wa kubadilisha kile kibali cha wazi ulivuja. Ungewataka wachapishaji wakubwa kulipa sehemu ya mapato yao, na ungeondoa nguvu ya kibali cha mwaka 2000. Wachezaji hawakupiga makelele tu: wengi walikata malipo yao ya kila mwezi kwa huduma ya kampuni ya intaneti. Kabla mwezi haujaisha kampuni ilirudi nyuma, ikaweka msingi wa sheria chini ya kibali ambacho hakiwezi kunyang'anywa tena.

Kitabu kilichowagombanisha wale vijana

Ni kile cha mwaka 2024. Sheria zake nyingi ni zile zile za 2014, zimesahihishwa. Lakini neno moja limeondolewa: lile lililotaja asili ya viumbe wa hadithi, karibu kama sisi tungesema "kabila". Zamani mtu wa hadithi alipata nguvu au akili zaidi kwa sababu ya asili yake. Sasa anapata kufuatana na malezi na kazi aliyofanya. Wengine walisema ni haki. Wengine walisema hadithi ni hadithi, na kwamba mambo ya siasa yameingizwa mezani. Wengine waliuliza tu: kwa nini tununue tena kitabu tulicho nacho?

Tukiangalia historia hii yote, tunaona kwamba hasira haikutokana na sheria peke yake. Mtu aliyecheza miaka 10 na kundi moja ameweka urafiki wake ndani ya kitabu kile. Akiambiwa kimepitwa na wakati, anasikia kama urafiki wenyewe umepitwa. Na anayependa kipya, akiitwa mjinga, anasikia kwamba hana nafasi mezani. Wote wawili wanaogopa kitu kimoja.

Na shetani je?

Hapa lazima tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Katika miaka ya 1980 Wakristo wengi wa Marekani waliushtaki mchezo huu. Mama mmoja aliyempoteza mwanawe kwa kujiua alianzisha chama cha kuupiga vita mwaka 1983. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini waliochunguza baadaye hawakupata ushahidi kwamba mchezo uliwaua vijana. Toleo la pili, la mwaka 1989, liliondoa maneno ya pepo na mashetani kwa sababu ya makelele hayo. Toleo la tatu likayarudisha. Kwa hiyo hata sisi watu wa kanisa tumekuwa upande mmoja wa ugomvi wa matoleo, na wengi wetu hatukuwa tumefungua kitabu.

Tulimjibu mama hivi: kaa nao Jumamosi moja, usikilize hadithi wanayosimulia, kisha useme. Na kwa mtoto: kitabu cha zamani hakikuchomwa wakati kipya kilipotoka. Kundi linaweza kuchagua chochote, mradi lichague pamoja.

Mama alienda. Alituambia kwamba vijana wanne wamebaki na kitabu cha 2014, na wawili bado hawajarudi. Mtoto wake anaendelea kuwaandikia hao wawili kila Ijumaa kuwaambia kwamba viti vyao vipo.