Nyumba ya Tabata, Mwenyewe Yuko Ohio

Mwaka jana, baada ya swala ya Ijumaa, mama mmoja mtu mzima alitusubiri nje ya ofisi ya kamati akiwa na mfuko wa plastiki uliojaa stakabadhi. Wanawe wawili walikuwa hawasemeshani. Mkubwa yuko Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Mdogo yuko hapa Dar es Salaam, ndiye anayesimamia nyumba ya kaka yake iliyoko Tabata: vyumba sita vya kupangisha na fremu mbili za maduka zinazoelekea barabarani. Mama alikuwa kati yao, kila mmoja akimpigia simu usiku kumlalamikia mwenziwe.

Kamati yetu imezoea kesi za ndoa na mirathi. Kesi za namna hii zimeanza kutujia kwa wingi tangu vijana wa mtaa huu walipotawanyika Muscat, London na miji ya Marekani, wakawa wanajenga nyumbani kwa simu. Tuliketi vikao vitatu, mkubwa akiwa kwenye simu iliyowekwa mezani. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Katibu, mimi sidai hela, nadai hesabu."

Tukaanza na hesabu. Kila chumba hupangishwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi na kila fremu kwa 150,000. Mkubwa alikuwa amezidisha: 660,000 kwa mwezi, 15,840,000 kwa miaka miwili. Alizotumiwa ni 9,000,000. Moyoni mwake pengo la 6,840,000 lilikuwa na jina moja tu, nalo hakulitamka kwa sababu mama alikuwa anasikiliza.

Mfuko wa plastiki ulipomwagwa mezani, pengo lilianza kujazwa. Fremu moja ilikaa wazi miezi saba: 1,050,000. Mpangaji mmoja alihama usiku akiwa na deni la miezi minne: 240,000. Mabati ya upande wa nyuma yaliezekwa upya kwa 1,900,000. Gari la kunyonya maji taka liliitwa mara sita, 100,000 kila mara. Mama alilazwa, na matibabu yake, 1,350,000, yalitoka kwenye kodi ya nyumba kwa sababu usiku ule hapakuwa na pesa nyingine. Zikabaki 1,700,000. Hapo mdogo aliinamisha kichwa, akasema kwamba hizo alizitumia mwenyewe, kwa kuwa kwa miaka miwili amekuwa akiacha kibarua chake kwenda kusuluhisha wapangaji, kumlipa fundi na kukimbizana na madalali, na hakuna aliyewahi kumuuliza anakula nini.

Ukizigawa kwa miezi ishirini na minne, ni kama 71,000 kwa mwezi, yaani kitu kidogo zaidi ya sehemu ya kumi ya kodi iliyotarajiwa. Laiti wangeandikiana ujira huo tangu siku ya kwanza, hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeuita wizi. Hawakuandikiana. Kwa kuwa ni ndugu, waliona kalamu ni dharau. Tunakumbushana mara nyingi kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Aya hiyo haikuwaondoa ndugu katika hukmu yake, lakini sisi tumewaondoa.

Tuliwaandikia mkataba wa uwakala wa ukurasa mmoja. Mdogo ni wakala, ujira wake ni asilimia 10 ya kodi iliyokusanywa, si iliyotarajiwa, ili fremu ikikaa wazi naye aumie na atafute mpangaji. Kodi inaingia katika akaunti ya benki ya nyumba, si kwenye simu ya mtu. Matengenezo yanayozidi kiasi walichokubaliana hayafanywi mpaka mwenye nyumba ajibu. Kila tarehe 5 ya mwezi mdogo anatuma picha ya ukurasa wa daftari. Kwa mambo yanayohitaji saini ya mwenye mali, kaka alitia saini hati ya kumpa mamlaka mbele ya mthibitishaji wa huko, naye mwanasheria wa hapa akaifuatilia isajiliwe. Tukaongeza jambo moja dogo linalozua ugomvi katika nyumba nyingi: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, kwa hiyo anayeilipa kwa mkono wake ni mpangaji, ilhali deni ni la mwenye nyumba. Ikaandikwa kwamba itarejeshwa kwa kupunguza pango.

Tulidhani shughuli imekwisha. Wiki mbili baadaye mkubwa alitupigia tena, safari hii kwa swali lake mwenyewe. Alikuwa ameacha kazi katika ghala moja, na akiba yake ya uzeeni kutoka kwa mwajiri huyo aliweza kuihamishia katika akaunti ya kustaafu ya mtu binafsi, ile ambayo Wamarekani huiita IRA. Akaunti hizo zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1974. Aghalabu fedha zake huwekwa katika hisa na hatifungani, na mwenzetu huyu hakutaka fedha zake ziwe mahali penye riba. Akasikia kwamba ipo aina ambayo mwenye akiba huchagua mwenyewe atanunua nini, hata nyumba. Je, hawezi kununua kiwanja cha jirani pale Tabata na kujenga vyumba vingine?

Sisi si wataalamu wa sheria za Marekani. Tulimshauri amwone mwanasheria na mhasibu wa huko, kisha akatusimulia aliyoelezwa, nasi tukayapitia pamoja na wakili mmoja anayeswali hapa kwetu. Ndoto ya Tabata ilikufa upesi. Sheria ya Marekani haikatazi akaunti hiyo kununua nyumba nje ya nchi. Kikwazo kiko kwetu. Mali ya akaunti haiandikwi jina la mstaafu. Huandikwa jina la taasisi inayoitunza akaunti kwa niaba yake. Taasisi hiyo ni ya kigeni, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Ndugu yetu bado ni raia wa Tanzania na kwa jina lake anaweza kununua kiwanja kesho. Akaunti yake haiwezi.

Ilibaki nyumba ya kule kule Ohio, na hapa ndipo tulipokaa kwenye simu hadi karibu na Ishaa, kwa kuwa masharti yake yalitushangaza. Nyumba iliyonunuliwa na akaunti hiyo mwenyewe haruhusiwi kulala humo hata usiku mmoja. Haruhusiwi kuipangisha kwa mkewe, watoto wake, wala wazazi wake, hata wakilipa kodi ya sokoni. (Kaka na dada hawamo katika orodha hiyo ya waliokatazwa, jambo lililomfanya mdogo acheke kwa mara ya kwanza tangu tumjue.) Haruhusiwi kushika brashi na kupaka rangi ukuta wake mwenyewe. Kila senti ya pango hurudi kwenye akaunti, na kila gharama, kuanzia kodi ya jengo hadi bomba lililopasuka, hulipwa na akaunti. Akikiuka, akaunti nzima huhesabiwa kuwa ameitoa yote tangu siku ya kwanza ya mwaka ule, na kodi ya mapato humfuata. Kama hajafikisha miaka 59 na nusu, kwa kawaida huongezewa asilimia 10 juu yake.

Hatari ambayo tungetaka kila aliye huko aisikie ni ya fedha taslimu. Mtu huchukua akiba yake yote akanunua nyumba, mwezi wa pili mashine ya kupasha joto ikafa katikati ya baridi. Hawezi kutoa fedha mfukoni akailipia. Anachoruhusiwa kuchangia katika akaunti kina kikomo: kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000, au 8,000 kwa aliyetimiza miaka 50. Aidha akifika umri wa miaka 73, sheria inamtaka aanze kutoa kiasi fulani kila mwaka, na nyumba haikatwi vipande kama mkate. Kwa mkopo mambo huwa mazito zaidi: mkopo lazima uwe ule ambao mkopeshaji hawezi kumfuata mtu binafsi, na sehemu ya mapato iliyotokana na mkopo hutozwa kodi ndani ya akaunti. Ndugu yetu hakuwa na nia ya mkopo wa riba, hivyo kizuizi cha dini yake kilimwepusha na hesabu hiyo pia.

Kuhusu zaka, swali alilotuuliza mwisho, kauli ya wanazuoni wengi ni kwamba nyumba ya kupangisha haitolewi zaka ya thamani yake; hutolewa asilimia 2.5 ya kodi iliyobaki mkononi ikafikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Kodi iliyofungiwa katika akaunti ambayo mtu haigusi bila adhabu ina mjadala wake, tukampeleka kwa shekhe wetu.

Mpaka tunaandika haya hajanunua. Ameambiwa asubiri mpaka akaunti iwe na bei ya nyumba pamoja na akiba ya matengenezo juu yake, na kwa sasa anaitafuta kwa subira. Ila masharti yale ya Ohio yalimkaa. Alituambia kwamba kama taasisi asiyoijua inaweza kumkataza asichanganye senti ya nyumba na ya mfukoni, kwa nini yeye amwachie mdogo wake achanganye, kisha amlaumu? Akaomba daftari la Tabata liongezwe safu moja: matibabu ya mama, kiasi maalumu kila mwezi, kikitolewa kabla ya chochote kutumwa Marekani.

Fremu iliyokuwa wazi ina muuza nafaka sasa. Mwezi uliopita mdogo alileta daftari ofisini tulikague, mama akiwa naye. Alipoonyeshwa safu yake, aliivuta miwani, akaisoma mara mbili, akauliza kwa nini yeye ameandikwa pamoja na wapangaji.